Zulia la kulabu limekugomea? Anza kwa kuligeuza

Binti mmoja wa jirani alikuja kwangu Isevya, hapa Tabora mjini, Jumamosi asubuhi, kazi yake ameikunja kwapani. "Shikamoo mama. Hili zulia limenishinda, nataka nilifumue lote nianze upya." Ua la katikati alikuwa ameshalifumua mara tatu, na kila akilirudia linafura palepale. Sikulitazama ua. Nilimwomba kwanza aligeuze zulia. Mgongoni tepe zilikuwa zimerukiana: moja imetoka kwenye jani, imekatiza chini ya ua, imeenda kuanza jani la upande wa pili, juu yake imepita nyingine, kisha ya tatu. Ua lenyewe halikuwa na kosa. Lilikuwa limekalia rundo. Tulizikata zile tepe tatu katikati, tukavuta kila ncha ikatokea mbele, tukaipunguza kwa mkasi ilingane na vitanzi. Uvimbe ukashuka mbele ya macho yake.

Ndiyo sababu naandika haya. Makosa mengi ya zulia la kulabu yanaonekana mbele lakini yamezaliwa nyuma, au kwenye gunia kabla hata ya kitanzi cha kwanza. Anayeanza hufumua anapoona kasoro, anarudia kwa mkono uleule, kasoro inarudi, anakata tamaa. Nimeona watu wazuri wameiacha kazi hii kwa sababu hiyo tu, na inaniuma.

Kwa ambaye hajawahi kuiona kazi yenyewe: gunia linavutwa kwenye fremu ya mbao mpaka likaze. Utepe wa kitambaa unashikwa chini ya gunia kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uko juu na kulabu, unaichomeka kwenye tundu, unanasa utepe na kuuvuta juu uwe kitanzi. Unahamia tundu la mbele, unavuta kingine. Hakuna fundo wala gundi. Vitanzi vinashikwa na kubanana kwao tu, na kwa jinsi nyuzi za gunia zinavyovibana. Ukilikumbuka hilo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayaeleza mwenyewe.

"Vitanzi havikai, vinatoka vyenyewe"

Kabla ya kuulaumu mkono, chunguza gunia. Zulia langu la kwanza nililifanya kwenye salfeti la mbolea, kwa kuwa lilikuwepo nyumbani. Nyuzi za salfeti ni plastiki bapa na zinateleza; haziwezi kukumbatia utepe. Niliweka wiki mbili pale, na nilipoligeuza nilinyooshe kwa pasi, likayeyuka na kushika kwenye bamba la pasi. Salfeti halifai, hata kwa majaribio.

Kinachofaa ni gunia la juti, lile la kahawia lenye manyoya manyoya, ambalo wengi tunaliita la katani. Kazi hii ilishamiri karne ya 19 huko Maine, Marekani, na pwani ya mashariki ya Kanada, pale magunia ya juti yalipoanza kufika kwa wingi na wanawake wakaona kuwa matundu yake yanapitisha utepe bila kuchanika. Sisi Tabora tunalipata kirahisi kwa sababu ya tumbaku, maana marobota yake hufungwa kwa juti. Kama lina harufu, lianike kivulini penye upepo siku kadhaa. Lililowahi kuloa na kukaukia stoo usilichukue kabla ya kulipima. Chomoa uzi mmoja pembeni, ukunje kwa vidole, uvute. Ukikatika kama nyasi kavu, achana nalo. Juti iliyooza haionekani kwa macho, nawe utatumia miezi miwili kujenga zulia juu ya kitu kitakachochanika mwaka wa kwanza.

Gunia likiwa zima na vitanzi bado vinatoka, sababu ni mbili. Ama utepe ni mwembamba kuliko tundu, ama umevipanga mbalimbali mno. Gunia ninalotumia mimi lina nyuzi kumi hivi kwa inchi. Juu ya gunia la aina hiyo utepe wa milimita 6 hadi 8 unakaa vizuri; wa milimita 3 unaelea tu. Hesabu nyuzi za gunia lako kwa rula kabla hujakata kitambaa.

"Nikivuta kitanzi kipya, kilichotangulia kinazama"

Hili ndilo kubwa, karibu kila mwanafunzi analo siku ya kwanza, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Geuza fremu. Mgongo mzuri uko bapa, tepe zimelala kama mishono ya mkono, ukipitisha kiganja hakikwami. Ukiona mgongo uko bapa lakini kitanzi cha nyuma kinazama, maana yake mkono wa chini umeubana utepe. Kulabu inapovuta juu, inatafuta kitambaa. Vidole vikikataa kuachia, kitambaa kinachukuliwa mahali palipo rahisi, yaani kwenye kitanzi ulichokimaliza sasa hivi. Shika utepe kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu kabisa na gunia, kwa ulaini wa kumshika kifaranga. Vidole vyako ni njia ya utepe kupita. Usivifanye kibanio.

Kisha tazama mkono wa juu. Wengi huvuta kulabu wima, au wanailaza mbele kule wanakoelekea. Ilaze kinyume. Vuta kitanzi juu kidogo kupita urefu unaoutaka, halafu zungusha kifundo cha mkono ukikilaza kitanzi nyuma, kikiegemea mwenzake. Kwa kuegemea huko hakimwibii. Fanya vitanzi ishirini hivyo kwa makusudi, taratibu, huku ukitazama kile cha nyuma na si kile unachokivuta. Kwenye ishirini na moja mkono unaanza kuelewa.

Ukiona kinyume chake, yaani mgongoni kuna vitanzi vidogo vinaning'inia, basi hukuvuta mpaka mwisho. Usiviache. Kidole cha mguu cha mtoto kitanasa kimoja na mstari mzima utatoka. Vivute kimoja kimoja kutoka mbele, kuanzia karibu na ncha, na ziada yote ipeleke kwenye ncha ukaikate.

Kuna sababu ya tatu, nayo ni fremu iliyolegea. Gunia lililolegea linaifuata kulabu kwenda chini na kuifuata tena kwenda juu, kwa hiyo hujui umevuta kiasi gani. Ligonge kwa kidole. Likiitika kama ngoma, endelea. Likinyamaza, kaza upya. Gunia lililofungwa asubuhi huwa limeshalegea kufikia mchana, si kosa lako, ni tabia ya juti inapovutwa. Mimi nakaza kila ninapokaa chini kufanya kazi.

"Vitanzi havilingani"

Kanuni ni fupi: kimo cha kitanzi kilingane na upana wa utepe. Utepe wa milimita 6, kitanzi cha milimita 6. Kwa anayeanza, penseli ya kawaida inatosha kuwa kipimo, ina unene wa milimita 7 hivi. Ilaze juu ya gunia kando ya mstari na uvute vitanzi vifikie mgongo wake. Baada ya siku tatu hutaihitaji.

Kitanzi kimoja kikionekana chembamba katikati ya wenzake wanene, utepe umejisokota chini. Unyooshe kwa kidole kabla hujaunasa. Na usikate vitanzi virefu kwa mkasi ili vilingane. Ukikata kilele cha kitanzi unapata ncha mbili zisizoshikwa na kitu.

"Zulia halilali chini"

Litoe kwenye fremu, liweke kwenye sakafu ya saruji, simama mbali kidogo. Umbo lake linakuambia pa kutafuta.

Kingo zikifanya mawimbi kama jani la tumbaku lililotoka kwenye bani la kukaushia, umejaza sana pembeni. Ukingo umekuwa mrefu kuliko nafasi uliyopewa. Katikati ikinyanyuka kama mgongo wa kobe, umejaza sana katikati, au tepe zimevukana chini kama za yule binti. Zulia zima likitaka kujikunja kuelekea mgongoni, umejaza kila mahali: vitanzi vinasukumana huko juu na gunia chini halina pa kwenda.

Kujaza kupita kiasi ni kosa la mtu mwenye bidii. Unaona gunia likichungulia, unaogopa, unaongeza kitanzi. Anayeanza haamini kwamba pengo lile litazibwa na vitanzi vyenyewe vikishafunguka. Usivute kitanzi kwenye kila tundu. Kwa utepe wa milimita 6 kwenye gunia kama langu, chukua tundu moja, ruka moja. Kati ya mstari na mstari acha nyuzi mbili. Vitanzi vigusane mabega, visikanyagane. Ukiligeuza, mgongoni uone gunia kidogo kidogo kati ya mistari. Mgongo usioonyesha gunia kabisa umejaa mno. Gunia likionekana kutoka mbele, hapo ndipo umepunguza mno, na dawa yake ni kuongeza mstari katikati, si kitanzi kimoja kimoja.

Namna ya kulipoza lililojaa: usichomoe kitanzi hapa na pale, maana utepe ni mmoja, ukitoa kimoja umelegeza jirani zake. Toa mstari mzima, mmoja kati ya kila mitatu, halafu sogeza iliyobaki kwa ncha ya kulabu. Kisha liweke kifudifudi juu ya shuka nene, tandaza taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, na gandamiza kwa pasi ya moto. Gandamiza, inua, hamia pengine, usiburute. Anayetumia pasi ya mkaa aipungie kwanza nje hadi majivu yatoke, cheche moja inatoboa sufu na gunia kwa pamoja. Mvuke ukishaingia liache palepale mpaka likauke, usilibebe likiwa na joto.

"Kulabu inakwama, mkono unauma"

Kulabu nyingi za hapa mjini ni kazi ya mafundi wetu, msumari wa inchi nne uliosuguliwa kwa tupa na kutiwa mpini. Hakuna ubaya, hata huko Maine zamani kulabu nyingi zilitokana na misumari. Tatizo ni makali yanayobaki. Pitisha ncha juu ya soksi kuukuu ya nailoni. Ikinasa hata uzi mmoja, itanasa juti kila unapovuta. Isugue kwa msasa laini, rudia jaribio. Shingo ya kulabu nayo iwe nene kuliko mdomo wake, kwa kuwa shingo ndiyo inayofungua tundu. Shingo nyembamba inakulazimisha kuvuta utepe mpana kupitia tundu dogo, na hiyo nguvu inalipwa na kifundo cha mkono. Mpini uwe mfupi na wa mviringo, ukae kiganjani. Kulabu ikiwa safi na bado unasukuma, punguza upana wa tepe za koti zito.

"Tepe zinakatika, zinatoa nyuzi, zinajiviringisha"

Hapa inabidi twende sokoni. Tabora haina baridi ya Njombe wala Makete, kwa hiyo kwenye mitumba makoti na sweta nzito za sufu hubaki chini ya rundo wakati watu wanagombea fulana. Mtu wa zulia anafika jioni, bei imeshashuka. Kujua sufu halisi, chomoa uzi, uwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, inajizima, na majivu yake yanasagika kwa vidole. Plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba inanuka kama karatasi. Kitambaa cha kuyeyuka si haramu, ila kiweke mbali na pasi na usitarajie kikushikie vizuri kama sufu.

Sufu ukiipata, usiikate ikiwa vile ilivyo. Ifue kwa maji ya moto na sabuni, ukiisugua, halafu isuuze kwa maji ya baridi. Itajibana, itanenepa, na kingo zake zitaacha kutoa nyuzi. Sweta isipopitia hatua hiyo, kila utepe utafumuka mkononi.

Kisha ufuate uzi. Kitambaa cha koti kilichofumwa kwa mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, kina njia yake. Kata kidogo kwa mkasi, chana kwa mikono, kitachanika kikifuata uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Sasa kata tepe zako sambamba na ule mchano. Utepe uliokatwa mshazari unavutika kama mpira na kukatika ukiwa umefika nusu ya tundu. Hili nalihesabu kuwa chanzo cha tepe nyingi zinazokatika, kuliko ubovu wa kitambaa.

Fulana zinajiviringisha kingo, ndivyo zilivyo. Zikate pana zaidi, sentimita moja na nusu hivi, uzivute kidogo zijiviringishe mapema, uzitumie kama kamba. Huulizwa pia kuhusu soksi za kike. Zinafaa. Huko Newfoundland na Labrador, mashariki ya Kanada, misheni ya daktari Mwingereza Wilfred Grenfell iliwaomba watu soksi za hariri zilizochanika, wanawake wa pale wakazitia rangi na kutengeneza mikeka ya kulabu yenye vitanzi vidogo sana, kwenye mistari iliyonyooka. Lakini wao walikuwa na mikono iliyozoea. Anza na koti.

"Mchoro umepinda"

Mraba wako umekuwa kama ulisukumwa na mtu. Ulichora kwa rula juu ya gunia lililokuwa limepinda, ukaliweka kwenye fremu, gunia likarudi kwenye unyoofu wake na kuondoka na mchoro.

Gunia lina rula yake. Weka ncha ya penseli katikati ya nyuzi mbili, kwenye ule mfereji mdogo, na uivute kuelekea kwako bila kulazimisha. Penseli itabaki kwenye mfereji kama gurudumu kwenye reli. Ukitokea upande wa pili una mstari ulionyooka kwa mujibu wa gunia lenyewe, na hata gunia likipinda, mstari unapinda nalo na kurudi nalo. Chora kingo zote nne namna hiyo, halafu pitia kwa maka peni. Acha angalau sentimita 10 za gunia tupu kila upande, na umwombe fundi cherehani apige zigizaga ukingoni kabla ya kazi yoyote. Anayesema atapiga mwishoni hufika mwishoni akiwa na sentimita nne.

"Rangi imechuja"

Hii haina tiba ninayoiamini, ina kinga tu. Niliwahi kuharibu zulia la rafiki yangu kwa taulo bichi na pasi. Nyekundu ya koti moja ilitembea ikaingia kwenye sehemu nyeupe iliyozunguka mchoro, na nililazimika kutoa vitanzi vya sehemu yote ile. Tangu hapo kila kitambaa kinapita jaribio. Lowesha kipande kwa maji ya moto, kibane katikati ya kitambaa cheupe, gandamiza kwa pasi. Kinachoacha alama kinarudi kwenye beseni mpaka maji yatoke meupe, na kisipotii hakiingii kwenye zulia lenye rangi nyeupe.

"Limemalizika, lakini linaharibika"

Ukingo ndio unaokufa kwanza. Kunja gunia lililobaki kuelekea mgongoni, na kwa shazia, ile sindano kubwa, na uzi mnene wa sufu zungushia ukingo mshono wa karibu karibu hadi juti isionekane. Uzi huo ndio utakaokanyagwa badala ya gunia.

Usilifue kwa kulitumbukiza. Juti inapoloa inapoteza nguvu, na ikikaa na unyevu inaoza. Doa lifute kwa kitambaa kibichi chenye sabuni kidogo, kisha lianike likiwa limelala. Kulihifadhi, liviringishe vitanzi vikiwa nje. Ukilikunja kama shuka, kunjo moja inakata nyuzi za gunia ndani kwa ndani.

Na kuna mchwa. Kwa nyumba zetu, juti iliyotulia sakafuni ni chakula kilichoandaliwa. Miezi ya mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, mimi nalinyanyua langu kila Jumapili. Nikiona mgongoni utando mwembamba wa udongo, hata wa urefu wa kidole, nalitoa nje, nalipiga kwa kiganja kutoka nyuma, nalifagia kwa ufagio laini, naliacha juani nusu saa tu kwa sababu jua kali la siku nzima nalo linaikausha juti. Halafu natafuta ufa kwenye sakafu walikotokea, nauziba kwa saruji, na zulia nalihamishia upande wa pili wa chumba.